Koo la Mama Terry

Ukuta kati ya chumba changu na cha Nyakerario ni wa mabati matupu, na mabati hayatunzi siri. Nimekaa upande wangu wa ukuta huo, hapa Suna, Migori, tangu mume wake alipokuwa hai, kwa hivyo nikisema namjua mwanamke huyu sisemi kwa salamu za mlangoni. Najua anavyolala. Anayejua jirani anavyolala ni kwa sababu yeye mwenyewe amekosa usingizi, na mimi ni fundi wa nguo, kazi yangu inataka macho.

Anaanza taratibu, kama mtu anayeburuta kiti kwenye saruji. Halafu mkoromo unapanda. Huo nisingeulalamikia, kila ploti ya vyumba vya kupanga ina mkoromaji wake. Kinachonichosha ni kimya. Mkoromo unakatika katikati, ghafla, na upande ule hakusikiki tena chochote, hata pumzi. Najikuta na mimi nimezuia pumzi zangu, nangoja. Ninaanza kufikiria nitamwambia nani kwanza. Ndipo inakuja sauti ya kitu kinachobanduka, ya kunata, kama ndara inayong'olewa kwenye matope, kisha anavuta hewa kwa kishindo, anakohoa, anaamka. Mlango unalia. Maji yanamiminwa kwenye kikombe, anatoka uani, anasukutua koo, anatema, anarudi kitandani. Haupiti muda, kiti kinaanza kuburutwa upya.

Nyakerario ni Mkisii, Msabato wa kweli, mjane, na biashara yake ni njugu. Anazikaanga kwenye karai pana, anazisugua kwa viganja maganda yatoke, kisha anazipeta huku akipuliza. Maganda yale mekundu yanaruka kama vumbi, yanamkaa kwenye nyusi, na mengine yanakwenda asikojua. Ni mwanamke mnene mwenye shingo fupi na kicheko kizuri. Sabato anasinzia kanisani kabla mchungaji hajafungua Biblia. Siku za kazi anasinzia mbele ya njugu zake, na wateja wasio na haya wanachota kiganja na kwenda zao. Nilikuwa nikimtania nikipita na vitambaa vyangu: Mama Terry, leo umeuza au umelala? Ananijibu bila kufungua macho kwamba amelala akiuza.

Tulicheka hivyo hadi siku alipolala pahali pasipolalwa.

Binti yake wa pekee, Terry, ameolewa Homa Bay na kijana Mjaluo anayeitwa Zablon, fundi wa friji za samaki. Wakisii na Wajaluo wanaweza kubishana juu ya mambo mengi, lakini juu ya mkwe wanasema lugha moja. Mama wa msichana hashikani mikono na mkwewe, hakai naye karibu, na hata jua likizama mvua ikinyesha, halali chini ya paa lake. Huko ni kumvunjia heshima yeye, na kujivunjia wewe mwenyewe.

Tulikwenda kumsindikiza mara ya kwanza kuona nyumba ya binti yake, kina mama wa ploti na wa kanisa, na ndizi na unga na kuku wetu. Mama yake Zablon, ambaye kwao wanamwita Min Zablon, alitupokea vizuri sana. Ni mama mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Tulilishwa samaki mpaka tukaona haya. Jua lilikuwa kali, sebule ilikuwa na joto, Nyakerario alikuwa amekalishwa kwenye sofa ya wageni wa heshima, na mzee mmoja alianza kuomba sala ndefu yenye kuzunguka ukoo mzima. Nilimwona Nyakerario akipigana. Alijifinya paja, akauma mdomo. Kisha kichwa kikaanguka nyuma, mdomo ukafunguka, na mama mkwe akakoroma kwenye sofa ya mkwewe, mbele ya mkwewe, katikati ya sala.

Zablon ni kijana aliyelelewa. Aliinama, akatoka nje akiangalia sakafu. Mimi nilimfinya Nyakerario hadi akashtuka, lakini kilichomwagika kilikuwa kimemwagika. Min Zablon hakukasirika. Aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, kama huyu mama huwa halali usiku.

Jibu lilitoka kwa Roseline, ambaye mlango wake unatazamana na wa Nyakerario. Mdomo wa Roseline haujawahi kungoja ruhusa ya akili. Alisema, "Usiku huyo huwa nje nje tu. Mimi humwona uani na leso moja."

Kwa asiyetoka huku, hayo ni maneno ya kawaida. Sisi tuliokuwa pale tulijua yamefika wapi. Husemwa kwamba kuna watu wanaoamka usiku, wakavua nguo na kukimbia kwenye maboma ya wenzao, wakisugua milango na kurusha mawe kwenye mapaa. Hawaibi kitu. Damu inawatuma. Wajaluo humwita mtu huyo jajuok, na wanasema mchana utamjua kwa usingizi, maana hakuna mwili unaoweza kukimbia usiku na kuuza njugu mchana. Tena wanasema ni jambo la kurithiwa, kwamba bibi anaweza kumwambukiza mtoto mchanga kwa kumwogesha tu. Wakati ule Terry alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana.

Hakuna aliyetamka neno hilo siku ile. Tulipewa soda, tukaagwa, tukarudi Migori kila mtu akiangalia dirisha lake.

Mtoto alizaliwa, msichana. Kwao Nyakerario, mjukuu wa kwanza wa binti huogeshwa na bibi mzaa mama, na yeye alikuwa ameshasaga unga wa wimbi wa uji wa mzazi na kutafuta mtu wa kumkaangia njugu akiwa safarini. Terry akapiga simu. Nilikuwa pale nikimpima nguo, nikamwona akisikiliza, akiitikia sawa, sawa mama, sawa. Alipokata simu alisema ameambiwa asijisumbue, Mama Zablon anasaidia kila kitu, apumzike tu.

"Wamesema nisichoke, Metrine," akaniambia, na hapo ndipo alipolia.

Terry alijaribu. Alikuwa mtoto mzuri, lakini alikuwa ameketi katika nyumba ya watu na kichanga mkononi, angefanya nini. Wiki zikaenda. Unga wa wimbi ukaanza kuingia wadudu. Ploti nayo ikachukua yale maneno, ikayalea yakanenepa. Watoto walianza kukimbia Nyakerario akitoka chooni. Nilipomwambia Roseline mimi husikia mkoromo kwa masikio yangu, na mtu hawezi kukoroma kitandani huku anakimbia barabarani, alinijibu bila aibu kwamba jajuok huacha kinu kitandani kimkoromee. Nikamuuliza ni kinu gani kinachokohoa na kusukutua. Akasema mimi ni mgeni wa kutoka Bungoma, sielewi mambo ya huku. Niliondoka kwa sababu mkono ulikuwa unaniwasha.

Lakini baya zaidi ni kwamba Nyakerario mwenyewe alianza kuyaamini. Alikuja kwangu adhuhuri moja, akakaa kwenye lundo la sare za shule, uso umevimba kwa uchovu.

"Metrine, nieleze ukweli. Usiku unanisikia nikiwa ndani?"

Nikamwambia namsikia kuliko ninavyosikia redio yangu.

"Kwa sababu mimi naamka nimelowa jasho. Moyo unapiga. Mdomo umekauka, ulimi umeshika juu kama umetiwa gundi. Miguu inauma. Hiyo si ni mtu ametoka kukimbia? Labda naenda na sijui."

Nilikasirika, na hasira yangu haikuwa kwake. Nilimwambia aache upuuzi, avae viatu. Tukaenda kwa daktari siku hiyo hiyo, yeye akisinzia hata kwenye foleni, akiwa amesimama.

Hapo walimpima presha, ikawa juu. Walimsikiliza, wakasema shida iko kooni na usingizini, aende Homa Bay kwa daktari wa masikio, pua na koo. Terry aliposikia akapanga jambo lake kimya kimya. Mtoto alikuwa na siku ya chanjo katika hospitali hiyo hiyo, na hakuna mkwe anayeweza kumzuia mtu kukutana na mama yake kwenye benchi la hospitali. Angalau amwone mtoto. Nyakerario hakulala kabisa usiku wa kuamkia safari, nami, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nikalala.

Tuliwakuta kwenye ukumbi wa kungojea, Terry na Min Zablon. Mtoto alikuwa kwenye mikono ya Min Zablon, amefungwa shali ya manjano, na uso mdogo tu ndio ulionekana. Salamu zilikuwa nzuri. Aliuliza habari za mvua, habari za njugu, habari za kanisa. Nyakerario alijibu yote huku akitazama shali. Alipopiga hatua moja karibu, Min Zablon alimhamisha mtoto akampeleka bega la pili, lile la mbali. Alifanya hivyo kwa upole, kama mtu anayepisha mwenzake njiani. Nyakerario akarudi nyuma, akakaa. Mimi niliyaangalia matangazo ya ukutani, sikusoma hata moja.

Daktari aliitwa Byron, kijana mwenye macho mekundu ambaye alipiga miayo kabla ya kumpigia mgonjwa tochi kooni. Alitazama, akatikisa kichwa. Akasema koo ni jembamba, limevimba, na lina makohozi mazito yaliyokauka. Akauliza nani hulala naye chumba kimoja. Hakuna. Nani amewahi kumwona akilala. Nikasema mimi humsikia kupitia ukuta. Akacheka kidogo, akasema ukuta hauna macho. Akamwambia apande kitanda cha kupimia, ajaribu kulala. Wengine, alisema, huchukua muda. Nyakerario alikuwa amelala kabla pazia halijavutwa.

Daktari alisikiliza, akaacha kuandika. Akatoa kichwa nje akataka mtu wa nyumbani aingie, aone, ili ajue la kufanya. Terry alikuwa ameitwa kwenye chumba cha sindano na mtoto. Aliyebaki kwenye benchi, mikono mitupu, ni Min Zablon. Daktari akamuuliza kama yeye ni wa nyumbani. Watu walikuwa wamejaa pale wakisikiliza, na kumkana mkwe hadharani ni aibu isiyofutika.

"Ni wa nyumbani," akasema, akaingia.

Alisimama miguuni pa kitanda, amekunja mikono. Mkoromo ulikuwa umepanda. Kisha ukakatika. Mimi nilikijua kimya kile, lakini nilikuwa sijawahi kukiona, na sasa nilikiona. Kifua cha Nyakerario kiliinuka, tumbo likaingia ndani, kifua kikainuka tena, mwili mzima ukivuta, na hakuna hewa iliyopita. Shingo ilijikaza mishipa. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Min Zablon alikunjua mikono.

"Daktari, huyu anakufa."

Daktari akainua kiganja, ngoja. Ndipo koo likabanduka, kwa sauti ile ile ya matope, hewa ikaingia kwa kishindo, na Nyakerario akakohoa bila kuamka vizuri, akameza mate kwa shida, akazama tena. Ikaja mara ya pili. Mara ya tatu Min Zablon hakungoja ruhusa ya mtu. Alikwenda kichwani akamtikisa bega kwa nguvu, akiita jina lake, Mama Terry, Mama Terry.

Daktari hakumgombeza. Alimgeuza mgonjwa alale ubavu, akamnyunyizia puani dawa ambayo ni maji yenye chumvi kidogo, akampa na kikombe cha maji anywe, naye akanywa macho nusu akalala. Tukangoja. Mkoromo ukarudi, lakini vimya vikawa vifupi, na koo lilipoachana halikuachana kwa kishindo, liliteleza tu.

Akatueleza, kwa Kiswahili cha polepole ili sote tufuate. Sehemu ile ya koo haina mfupa wa kuishikilia. Mtu akilala, nyama hulegea na kuta zinakaribiana. Kuta hizo zina unyevu juu yake, na unyevu huo ndio unaoamua. Ukiwa mwepesi, kuta hata zikigusana zinaachana kwa nguvu kidogo. Lakini mtu akilala mdomo wazi, hewa inaukausha, na vumbi likiongezeka, ule unyevu unakuwa ute mzito kama uji uliokaa, kuta zinashikana, na mwili unalazimika kumwamsha mwenyewe ili azivute ziachane. Ndiyo maana huamka. Ndiyo maana hutafuta maji. Anafanya hivyo usiku kucha bila kukumbuka, na asubuhi huamka amechoka kuliko alivyolala.

Min Zablon alikuwa anamtazama mgonjwa.

"Usiku pia ni hivi?"

Nikamwambia usiku ni mbaya zaidi, kwa sababu usiku hakuna wa kumtikisa.

"Na akitoka nje, anaenda kufanya nini?"

"Kulowesha koo. Anasukutua, anatema, anarudi. Yuko uani tu, mama. Mimi namsikia kila siku."

Alikaa kwenye kiti cha daktari, ambacho daktari hakuwa amempa. Akasema, akiangalia mikono yake, "Nasi tulisema anakimbia." Daktari, ambaye hakujua habari hiyo, aliuliza anakimbia wapi.

Yaliyofuata yalikuwa ya hospitali. Maji si tiba, alisema Byron, ni kupunguza tu. Apumue puani, asafishe pua kwa maji ya chumvi kabla ya kulala, alale ubavu, afunge kitambaa usoni anapopeta njugu au ampe mtu mwingine apete. Apunguze mwili, jambo ambalo Nyakerario, aliyekuwa ameamshwa sasa, alilipokea kwa uso wa mtu aliyeambiwa apunguze urefu. Kuna mashine inayosukuma hewa yenye unyevu isiruhusu koo kufunga, lakini hapo haikuwepo. Angeandikiwa kwenda hospitali kubwa zaidi, na foleni ya huko ni ndefu. Kwa hivyo hakupona siku ile. Naomba nisieleweke vibaya. Tuliingia tumechoka, tukatoka tumechoka.

Terry alikuwa amerudi kwenye benchi, mtoto akilia kwa sababu ya sindano. Min Zablon alimchukua, akambembeleza mpaka akatulia, akaikunjua ile shali kidogo. Halafu akasimama mbele ya Nyakerario na kumnyooshea mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mama Terry. Shika mtoto wako."

Nilidhani ataruka. Huyu ni mwanamke aliyekuwa ameulilia uso ule kwa majuma, ambaye nilimsikia kupitia mabati akiongea na simu iliyokatwa. Lakini alichukua mikono yake akaificha kwapani.

"Usinipe," akasema.

Uso wa Min Zablon ulibadilika. Aliona analipwa. Aliona amekataliwa mbele ya watu kama alivyokataa yeye, na naamini aliona ni haki, kwa sababu hakumrudisha mtoto kifuani mwake. Alibaki amenyoosha mikono, akingoja aambiwe lililobaki.

"Si hasira, mama," Nyakerario akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu asiye na nguvu hata za kulia. "Nitalala. Nimeketi hivi nasikia usingizi unakuja. Nitamwangusha. Mimi namwangalia tu, inatosha."

Terry aligeuza uso kwenye ukuta. Min Zablon alisimama hapo kidogo. Kisha akaketi kwenye benchi, karibu kabisa, nyonga kwa nyonga, akauvuta mkono wa Nyakerario kutoka kwapani, akauweka chini ya mtoto, na chini ya mkono huo akaweka wa kwake. Mtoto akawa amelala juu ya mikono ya bibi zake wawili. Nyakerario aliinama, akamnusa utosini. Alimnusa kwa muda. Alimwita kwa Kikisii maneno ambayo sikuyaelewa, na mtoto alitazama upande mwingine kama watoto wanavyofanya.

Haikuchukua muda, kama nilivyojua. Kichwa kilirudi nyuma, mdomo ukafunguka, na ukumbi mzima ukasikia mkoromo. Watu waligeuka. Mkoromo ukapanda, ukakatika. Terry alinitazama mimi. Min Zablon hakutazama mtu. Kwa mkono wake ulio huru alikisukuma kichwa cha Nyakerario polepole kikaegemea bega lake, uso ubavu, na koo likaachana, hewa ikapita.

Tulikosa gari la mapema. Hakuna aliyewaamsha. Terry aliniambia baadaye kwamba mkono wa mama mkwe wake ulikufa ganzi mpaka kwenye bega, na alipotaka kumpokea mtoto, yule mama alimfanyia ishara ya kichwa kwamba amwache kwanza bibi yake alale naye.